Tumbili Wanalala kwa Nani

Kofia ya baba ndiyo iliyoanzisha kesi. Ilikuwa kofia ngumu ya plastiki, ya manjano, aliyopewa kwenye kiwanda cha simiti alikofanya kazi huko Athi River. Mama aliichukua bila kumuuliza, akauvisha mti aliousimika katikati ya mahindi yetu. Mti huo ulikuwa na mikono ya ufagio na ulivaa koti langu la shule ya msingi, ili tumbili wafikiri kuna mtu anawangoja.

"Mama," nilimwambia, "tumbili si wajinga. Watajua huo ni ufagio."

"Umejuaje? Umewauliza?"

Hilo lilikuwa swali langu. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuo kikuu na shahada ya mambo ya wanyama na tabia ya kumuuliza kila mtu amejuaje. Nilimuuliza mhubiri, nikamuuliza daktari wa meno, nikamuuliza mwenye duka aliyesema sukari itapanda bei. Mama alikuwa amechoka na swali hilo, basi akaliiba na kuanza kunirudishia.

Asubuhi tulikuta tumbili dume amekaa begani kwa yule mtu wa ufagio, anatafuna hindi letu huku ameegemea kofia kama anayemngoja rafiki kituoni. Baada ya hapo kofia yenyewe ikatoweka.

Haya yalikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Kitengela, upande wa mtoni. Wazazi wangu walinunua ploti hapo katika miaka ya tisini walipotoka Ukambani, wakati ambapo bado ungeweza kupiga mswaki mlangoni ukiangalia pundamilia wakipita. Kisha ploti zikajaa. Msitu mmoja wa migunga uliokuwa ukifuata mto ukakatwakatwa, ukabaki vipande vitatu: kimoja kwa mzee jirani yetu, kimoja nyuma ya kanisa, kimoja karibu na kwari ya mawe. Kati ya vipande hivyo kulikuwa na nyumba za mabati, seng'enge, barabara ya malori, na mahindi ya mama. Mama aliamini mahindi yanaweza kumea popote mtu anapoweza kusimama na jembe. Mvua ya Kajiado ilikuwa na maoni tofauti, lakini mama hakuwa ameiomba maoni.

Vipande vile ndivyo vilivyonipa kazi. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa na mradi wa kufuatilia tumbili katika misitu iliyokatika vipande, na kwa kuwa nilikuwa naishi katikati ya vipande vyenyewe, alinipa darubini iliyokuwa na jicho moja zima na ramani aliyoichora mwenyewe. Ramani ilikuwa na miviringo mitatu mizuri.

"Kila kipande kina kundi lake," alisema.

"Tunajuaje si kundi moja linalotembea?"

"Tumbili hawavuki barabara yenye malori."

"Nani amewakataza?"

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniambia nikatafute jibu mwenyewe. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku jikoni.

Sasa, kuhusu mzee. Jirani yetu alikuwa mfugaji wa Kimaasai, mrefu, mwenye mbuzi wengi na maneno machache. Migunga yake aliipenda kuliko alivyopenda kukubali. Wakati wa kiangazi, nyasi zikiisha kabisa, alikuwa anaitikisa matawi kwa fimbo ndefu, maganda yanadondoka, na mbuzi wanakuja mbio kama watoto wanaorushiwa peremende. Bila miti ile, mbuzi wake wasingevuka kiangazi. Kila mtu alijua hivyo.

Kabla ya haya, mbuzi hao walikuwa wameingia kwetu na kula sukuma wiki yote ya mama hadi vijiti. Mama alimpeleka mzee kwa sabchifu. Mzee alijitetea kwa maneno mafupi: "Mbuzi ikilala kwa mtu, huyo ndiye mwenyewe. Nendeni jioni muangalie kama hizo zinalala kwangu." Watu walienda jioni wakaangalia. Zilikuwa zinalala kwake. Mzee hakubishana, alileta mbuzi dume, tukala. Mama hakusahau ile nyama, na hakusahau yale maneno.

Kwa hiyo siku mama alipoiokota kofia ya baba chini ya migunga ya mzee, ikiwa na alama za meno na kipande cha hindi ndani, hakurudi hata nyumbani. Aliivaa kichwani akaenda nayo moja kwa moja kwa sabchifu. Mimi nilimfuata nyuma nikiwa na darubini shingoni, tukapita sokoni Kitengela tukionekana kama watu wanaokwenda kukagua daraja.

Ofisi ya sabchifu ilikuwa chumba cha mabati kando ya kinu cha kusaga unga, kwa hiyo kesi zote huko zilisikilizwa kwa kupiga kelele. Mzee aliitwa. Alikuja na mkewe, mama mwenye utani mkavu ambaye alikuwa anauza shanga, naye akakaa mlangoni akiendelea kutunga mkufu.

"Hawa nyani ni ya huyu mzee!" mama alisema. Kwake kila kitu chenye mkia na vidole kilikuwa nyani, na nilikuwa nimeacha kumrekebisha. "Nimepata kofia ya bwana yangu kwa boma yao."

"Mama, wanyama wa porini ni wa serikali," sabchifu akasema.

"Sawa. Serikali ilete mbuzi dume."

Sabchifu alikohoa. Hakutaka mazungumzo yaelekee huko.

Mama akamgeukia mzee. "Si ni wewe ulisema mnyama ikilala kwa mtu, huyo ndiye mwenyewe? Ulisema hapa hapa, ukikalia hiyo kiti."

"Nilisema mbuzi."

"Kwani maneno yako ni ya mbuzi peke yake?"

Mzee angeweza kucheka, na kesi ingeishia hapo. Lakini kulikuwa na watu dirishani waliokuwa wanangoja unga wao usagwe, na mzee hakuwa mtu wa kusema neno mbele ya watu halafu aliache barabarani. 

"Sawa," alisema. "Kama hizo nyani zinalala kwangu, ni zangu."

"Na boma ivunjwe!" mama akasema. "Zikikosa pahali pa kulala zitaenda."

"Kama zinalala kwangu, nitakata hiyo miti mimi mwenyewe. Yote."

Mkewe aliacha kutunga. Alisema kitu kwa Kimaasai, kisha akakirudia kwa Kiswahili ili sote tupate faida. "Na kiangazi mbuzi watakula nini? Watakula maneno yako?"

"Na ingine," mama aliongeza, kwa sababu alikuwa ameona upepo uko upande wake, "wachungaji wake wanarushia choo yangu mawe kila jioni. Juu ya mabati. Mtu hawezi kukaa hapo na amani."

"Wachungaji wangu jioni wako na mbuzi," mzee alisema.

Sabchifu alisema hilo la choo litangoja. Kwanza ijulikane tumbili wanalala wapi, na kwa kuwa ndani ya chumba kulikuwa na mtu aliyesomea tumbili, kazi hiyo ni yake. Akanielekezea kalamu. Mtu mmoja dirishani akapinga: huyu ni mtoto wa mlalamishi, atasema anachotaka mamake.

Mzee alinitazama. "Huyu msichana hakubaliani na mamake hata juu ya kama kumekucha. Namwamini."

Nilitoka pale nimejaa fahari hadi nilipofika nusu ya njia, ndipo nikaelewa nilichopewa. Nikikuta tumbili wanalala kwa mzee, migunga inaanguka, mbuzi wanakosa chakula, na kipande kimoja kati ya vitatu kinaondoka kwenye ramani. Mama atafurahi na atabaki na jua kali, bila kivuli, hadi mtoni. Nilitaka ukweli na nilitaka miti, na sikuwa na hakika kama vitakubali kukaa pamoja.

Nilianza kwa njia ya kawaida. Nilikwenda jioni nikajificha karibu na migunga ya mzee. Tumbili walikuja, wakapanda, wakanitazama, wakapiga kelele ile ya kwao ya kuambiana kuna chui. Nilijisikia vizuri kidogo kuitwa chui. Kisha giza likaingia na sikuona kitu tena.

"Si umewaona?" mama aliniuliza akipakua githeri.

"Nimewaona wakiingia. Sijawaona wakilala."

"Mtu akiingia kwa nyumba jioni, anaenda kufanya nini huko, kupaka rangi?"

"Mama, mhubiri huingia hapa kila Jumatano jioni. Analala hapa?"

Baba alicheka ndani ya kikombe. Huo ndio ulikuwa mchango wake wote katika kesi nzima.

Wazo la shanga lilinijia nilipokuwa namtazama kuku akimeza kokoto. Ukimlisha mnyama kitu kidogo kisichoyeyuka, kitatoka upande wa pili, na pale kitakapotoka patakuambia alikuwa wapi. Ukitumia rangi tofauti kila mahali, utajua pia alikula wapi. Nilihitaji shanga ndogo sana za rangi tatu. Mke wa mzee alikuwa amezipeleka zote sokoni Kajiado, basi siku ya soko nikamfuata huko. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, kofia za jua na mikufu imemzunguka.

"Takwenya, yeyo," nilimwamkia kwa Kimaasai, nikimwita mama.

"Iko," aliitikia. "Umekuja kununua ama umekuja kuuliza?"

"Kununua. Nataka za bluu, nyeupe na nyekundu. Zile ndogo kabisa."

"Unaolewa?"

"Hapana. Ni za tumbili."

Alinipima kwa macho. "Watavaa?"

"Watakula. Ndani ya ndizi."

Alicheka hadi akashika ubavu, akamwambia jirani yake wa gunia, naye akamwambia mwingine, na soko lote la upande ule likacheka kwa zamu. "Sisi tunavaa nje," alisema akifuta machozi, "hao watavaa ndani. Sawa." Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. "Hizi sikuuzii. Nakupatia. Lakini nataka zirudi."

"Yeyo, zitakuwa zimepita kwa—"

"Najua kwenye zitapita. Nitaosha. Na wewe msichana, entito, hiyo miti ikianguka, mimi ndio nitakuwa nakata majani na panga kulisha mbuzi wake. Si yeye. Yeye atakuwa amekaa akiwa mtu wa neno lake. Kwa hivyo angalia vizuri."

Nilijuaje shanga hazitawadhuru tumbili? Nilizila mimi kwanza. Za bluu, na kipande cha ndizi. Sitaeleza zaidi, isipokuwa kwamba zilitoka zikiwa bado bluu, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kupewa shahada.

Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi na chafu. Niliponda ndizi mbivu na unga, nikafinyanga madonge. Yenye shanga za bluu niliyaweka asubuhi kwa mzee, nyeupe nyuma ya kanisa, nyekundu karibu na kwari. Tumbili waliyala huku wakinitazama kwa shukrani ya mtu aliyealikwa harusi asiyojua ya nani. Kisha nikaanza kuzunguka chini ya miti nikiokota vinyesi na kuviosha mtoni kwa kichujio.

Kichujio kilikuwa cha chai. Kilikuwa cha mama. Alikitafuta jikoni asubuhi nzima, akiinua sufuria na kuzirudisha kwa kishindo, hadi akaniona nikipanda kutoka mtoni nikiwa nacho mkononi.

"Hiyo ni nini iko ndani?"

"Ushahidi."

Alitembea hadi dukani akanunua kichujio kipya, akakifunga kwenye kabati pamoja na vyombo vya wageni, na ufunguo akautia kwenye sidiria.

Lakini ushahidi ulikuwa mtamu. Nyuma ya kanisa nilipata shanga za bluu. Kwa mzee nilipata nyekundu. Kwenye kwari nilipata nyeupe, na mahali pengine kinyesi kimoja kilikuwa na rangi zote tatu kama kitu cha kuuzia watalii. Hakukuwa na makundi matatu. Lilikuwa kundi moja, linalokula ndizi zangu kwa mzee, linavuka barabara ya malori, linakula tena kanisani, na linapita kwetu kwa mahindi katikati ya safari. Nilifuta miviringo mitatu ya mwalimu nikachora mmoja mkubwa.

Tatizo lilikuwa hili: vinyesi vilikuwa vichache. Kila mahali vichache, vya wapita njia. Wanyama hulala mahali pamoja, na asubuhi wakiamka, chini ya mti huwa panaonekana wazi kuwa wamelala hapo. Chini ya migunga ya mzee hapakuonekana hivyo. Nyuma ya kanisa vilevile. Nilizunguka vipande vyote nikijiuliza swali ambalo shahada yangu haikunitayarisha kuliuliza kwa sauti: wanakula kote huku, sasa wananyea wapi?

Sabchifu alichoka kungoja, akasema kesi imalizwe, na imalizwe kwetu nyumbani ili aone shamba. Walikuja jioni baada ya mvua nzuri. Sabchifu alikuja na simu yake ya mkononi, ambayo ilibidi apande juu ya jiwe letu la kufulia ili ishike mtandao. Mzee alikuja na shoka. Lilikuwa limenolewa. Hakulitaja, alilisimamisha tu ukutani, kama mtu anayeweka mwavuli, kwa maana kwamba kama ikibidi, atatoka hapa moja kwa moja kwenda kukata. Mkewe alilitazama, akalilaza chini, akalikalia, akakunja miguu na kujifunika shuka.

Mama aliwapa chai. Nilisimama nikaeleza. Nilieleza kuhusu ndizi, shanga, na jinsi nilivyoosha vinyesi kwa kichujio. Sabchifu, aliyekuwa kwenye kikombe cha pili, aliacha kunywa.

"Kichujio ya chai?"

"Hiyo ni ingine!" mama alipiga kelele. "Hiyo umekunywa ni mpya! Wewe msichana, sema ni mpya!"

"Ni mpya," nilisema.

Sabchifu aliweka kikombe chini hata hivyo. "Kwa hivyo wanalala kwa mzee, ama hawalali?"

"Wanakula kwa mzee. Wanapita kwa mzee. Lakini kulala, sijaona alama."

"Kama hawalali kwa mzee," mama alisema, "wanalala wapi? Hoteli?"

"Sijui."

Sikuwahi kusema neno hilo kwa furaha kidogo kiasi kile. Mzee alisimama. Alisema polepole kwamba yeye si mtu wa kushinda kwa sababu ya "sijui". Kofia ilipatikana kwake. Watu wameona tumbili wakiingia kwake jioni. Kama msichana hajui, basi yeye atakata, ili isisemwe kwamba alijificha nyuma ya mtoto wa mlalamishi. Akamwambia mkewe ainuke.

"Siinuki," mkewe alisema. "Miguu imekufa ganzi."

"Inuka."

"Nimesema imekufa."

Sabchifu, akiona mume na mke wanaanza kubishana juu ya shoka, aliona ni wakati mzuri wa kwenda haja. Aliuliza choo kiko wapi. Mama alimwonyesha, mwisho wa ploti, kule karibu na mto. Mzee amesimama, mkewe amekaa, mama anapanga vikombe. Jua lilikuwa linazama upande wa Ngong.

Kisha mabati ya choo yakapiga. Ba! Yakapiga tena, ba ba ba, kama mtu anamwaga viazi.

"Mnasikia?" mama aliruka. "Mnasikia hao wachungaji? Kila jioni!"

Mlango wa choo ulifunguka kwa nguvu na sabchifu akatoka mbio, mkono mmoja umeshika mshipi, mwingine umeshika simu. "Nani anarusha mawe? Nani anamrushia serikali mawe?"

Tulikimbia wote kuzunguka nyuma ya choo. Nasema wote, hata mke wa mzee, miguu yake ikiwa imefufuka, na shoka limebaki peke yake kwenye nyasi.

Nyuma ya choo chetu kulikuwa na migunga miwili mikubwa. Wakati wa kusafisha ploti mama aliiacha kwa sababu ingeangukia choo kama ingekatwa, halafu akaizungushia matete ya kulishia ng'ombe, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kwenda huko, kwa kuwa aliyefika chooni alikuwa ameshafika. Tuliyapasua matete. Juu, matawini, tumbili walikuwa wanajipanga kulala, kina mama na vichanga vimening'inia tumboni, na wengine walikuwa bado wanafika, wakiruka kutoka matete hadi kwenye mabati, ba, na kutoka kwenye mabati hadi mtini. Chini, ardhi ilikuwa nyeusi kwa vinyesi vya muda mrefu, na mvua ilikuwa imeviosha. Katikati ya tope kulikuwa kunameta bluu, nyeupe na nyekundu.

Mimi niliyezunguka kanisa na kwari na darubini ya jicho moja sikuwa nimewahi kujiuliza chochote kuhusu choo cha nyumbani kwetu.

Mke wa mzee alichuchumaa, akaanza kuokota. "Shanga zangu," alisema kwa upole.

Hakuna aliyemtazama mama. Ndivyo watu wanavyokutazama wakati mwingine. Mama aliitazama miti, akatutazama sisi, akaitazama tena.

"Hii si boma," alisema. "Hii ni choo."

Mzee alirudi nyuma taratibu. Alipokuja tena alikuwa na shoka. Alilishika kwa mikono miwili, mpini mbele, akampa mama kwa adabu kabisa, kama unavyompa mkubwa kibuyu cha maziwa.

"Mama," alisema, "zinalala kwako."

Mama hakulipokea mara moja. Kisha akalipokea. Alilishika akitazama juu, na juu kichanga kimoja kilikuwa kinavuta mkia wa mamake, na mamake akakipiga kofi bila hata kugeuka, kwa namna ambayo mimi niliitambua.

"Watoto wameshalala," mama alisema. "Mtu anakata miti watoto wakiwa wamelala?"

"Kwangu wangekuwa wameamka?" mzee aliuliza.

"Mzee, usinichoshe." Akalirudisha shoka. "Hakuna mti itakatwa. Yako na yangu. Chai imebaki."

"Na mahindi?" sabchifu aliuliza, huku akiufunga mshipi wake vizuri.

"Mahindi ni yangu na nyani ni yangu. Mimi na serikali tutaongea nini?"

"Lakini zinapita kwangu," mzee alisema. Sasa alikuwa anajaribu kutocheka, na hakuwa fundi wa jambo hilo. "Zinakula maganda ya mbuzi wangu. Mtu mwenye mifugo haiachi itembee peke yake. Anatuma mchungaji."

Hapo ndipo wote waliponigeukia mimi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, kwa ninavyojua, mchungaji wa kwanza wa tumbili katika Kajiado yote mwenye shahada. Kila asubuhi nilitoka nyuma ya choo na fimbo aliyonichongea mzee, nikalifuata kundi likishuka, nikasimama kati yao na mahindi hadi wachoke kunitukana, kisha tukaenda pamoja kwa mzee, kanisani, kwari, na tukarudi jioni. Hakuna aliyewahi kuwafuatilia tumbili kwa karibu zaidi. Nilipompelekea mwalimu ramani yenye mviringo mmoja, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza nilijuaje wanalala pale. Nikamwambia sabchifu alikuwa chooni. Hakuuliza tena.

Mwaka ule tulivuna mahindi ya kutosha githeri ya mama na ya wageni wake. Mtu akiwarushia tumbili jiwe barabarani, mama alikuwa anatoka mbio na mwiko: "Wewe! Hiyo ni ya kwako? Imelala kwako?" Mke wa mzee aliziosha shanga kama alivyosema, akazitungia mama mkufu wa bluu, nyeupe na nyekundu. Mama alijua zimepitia wapi. Aliuvaa kanisani hivyo hivyo, na mtu akiusifu alisema umetoka kwa mifugo yake.

Kesi ya mwisho niliyoishuhudia ilikuwa kiangazi kilichofuata. Tumbili jike mmoja mzee, mwenye mguu mbovu, alishindwa kurudi hadi kwetu, akaanza kulala kwenye migunga ya jirani. Mama alikwenda na mkufu wake shingoni, akasimama kwenye seng'enge.

"Mzee, niko na mnyama yangu hapo."

Mzee alikuwa anatikisa matawi kwa fimbo ndefu, mbuzi wamejaa miguuni pake. Hakugeuka. "Inalala kwangu."

"Inalala kwako kwa sababu ni mgonjwa!"

"Mama, nilisema kulala. Sikusema kwa sababu gani."

Juu ya vichwa vyao yule jike alikuwa anatafuna ganda la mgunga, anamtazama mmoja, halafu mwingine. Mama alivuta pumzi, akanigeukia mimi na fimbo yangu.

"Wewe si umesoma? Panda umwambie turudi nyumbani."